Mguu wa Kushoto wa Fundi Leodegar

"Fundi, unaungua!"

Leodegar aliinua macho kutoka kwenye kiatu cha shule alichokuwa akikishona. Wilbert, fundi pancha wa kibanda cha pili, alikuwa amesimama na jeki mkononi, mdomo wazi. Leodegar alitazama juu, akidhani mwavuli wake umeshika moto. Akatazama shati. Akanusa hewa.

"Mguu, fundi! Mguu!"

Ndipo alipotazama chini. Mguu wa kushoto, aliouvua kiatu tangu asubuhi kwa sababu ulivimba, ulikuwa umetulia juu ya mfuniko wa chuma wa chemba ya maji machafu. Alipoanza kazi, mfuniko ule ulikuwa kivulini. Jua lilikuwa limehama kimyakimya, likakiburuta kivuli hadi upande wa barabara, na chuma kikabaki wazi kama kikaango. Aliuinua mguu. Kipande cha ngozi ya kisigino kikabaki pale kwenye chuma.

Hakusikia maumivu. Hakusikia hata joto. Aliukunja mguu pajani, akaukagua kama anavyokagua soli ya mteja, na kilichomtisha hakikuwa kile kidonda chekundu bali ule ukimya wake. Mguu ulikuwa umeungua ukiwa wake, na haukumwambia.

Leodegar alikuwa mtu wa Mbinga, aliyeingia Dar es Salaam kijana na kuzeekea kwenye kona ileile ya Mtoni, mita chache kutoka Barabara ya Kilwa. Alishona viatu kwa namna ya mafundi wa zamani: hakuwa na meza wala jiliwa la kubania. Kiatu alikibana kwa nyayo zake mbili, soli ikimtazama, mikono ikabaki huru kwa sindano na uzi. Miguu yake ilikuwa ndiyo karakana. Ugonjwa wa sukari ulipomwingia, miaka mingi nyuma, ulianza kumnyang'anya karakana hiyo taratibu: kwanza ganzi ya vidole, kisha unyayo, kisha kisigino. Yeye alizoea. Aliendelea kubana viatu kwa miguu asiyoisikia, akiiamini kwa macho tu.

Lakini joto la Februari ile halikuwa la kuzoeleka. Lilikalia mji mchana, na jua likizama halikunyanyuka. Mabati yalilia. Lami ya Barabara ya Kilwa ililainika hadi ikashika alama za matairi. Wazee waliokuwa wakisema "hata zamani kulikuwa na joto" waliacha kusema.

* * *

Kwenye kliniki ya sukari, nesi Tusajigwe aliufungua mguu ule, akauinamia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Nani amekuchoma?"

"Jua."

Alidhani atamcheka. Hakumcheka. "Wewe si wa kwanza," alisema, akichovya pamba kwenye dawa. "Joto likipanda hivi, mnaletwa mmoja baada ya mwingine. Huyu kakanyaga mchanga pekupeku, yule kaanguka sokoni maji yamemwishia mwilini. Jua hili watu wote linawachosha, baba, ila nyie wa sukari linawatafuta hasa."

Alipima damu yake, kipimo kikampa namba ambayo hakuitaja kwa sauti. Alimwonyesha tu, kisha akauliza, "Sindano unachoma?"

"Asubuhi na jioni. Sijaruka."

"Dawa umekuja nayo?"

Leodegar alitoa kichupa mfukoni. Tusajigwe alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa polepole. Dawa iliyopaswa kuwa angavu kama maji ya chemchemi ilikuwa na chembechembe nyeupe, kama maziwa yanayotaka kukatika.

"Unaiweka wapi?"

"Kwenye friji ya jirani, Bi Jokha."

"Na umeme wenu?"

"Umeme wetu ni mgeni mwenye haraka. Anapiga hodi, hakai, anaaga."

Nesi alikiweka kichupa mezani. "Hii imepikwa, baba. Imekufa. Wiki zote hizi umekuwa ukijichoma maji." Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu ili wasisikiwe na wengine kwenye benchi. "Nikwambie ukweli, maana wewe ni mtu mzima. Daktari ameuona mguu huu. Anasema tuupe muda hadi masika yaishe. Kidonda kisipoanza kufunga, wataukata hapa." Alipitisha kidole chini ya goti, bila kugusa.

Leodegar alitazama mahali kidole kilipopita.

"Fundi viatu wa mguu mmoja," alisema mwishowe, "atakuwa na unafuu. Kila jozi atashona upande mmoja tu."

Tusajigwe hakucheka. Naye Leodegar hakucheka.

Masharti yalikuwa machache na mazito. Asikanyage chini kwa mguu ule. Asikae juani. Dawa mpya isikae mahali pa joto hata siku moja; kama umeme hauaminiki, watafute mtungi mkubwa na chungu kidogo cha kukaa ndani yake pamoja na dawa, wajaze mchanga mbichi katikati, waufunike kwa kitambaa kilicholowa, na kuuweka penye upepo. Na la mwisho Tusajigwe alilirudia akiwa amemshika mkono: "Maji machafu yasiguse kidonda hiki. Tope la mtaroni likiingia humu, hatutasubiri masika yaishe."

* * *

Mtungi aliutoa Bi Jokha. Ulikuwa wa mama yake, wa maji ya kunywa, umekaa uvunguni tangu enzi za friji. Bi Jokha alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa, mwanamke wa maneno mengi na sakafu safi, ambaye naye alikuwa akijichoma sindano tangu mumewe Zahor alipofariki. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, na dirisha lake la nyuma lilipata upepo kuliko chumba cha Leodegar chenye bati la kugusa kwa mkono. Kwa hiyo mtungi ulikaa kwake, na dawa zao wawili zikalala mle ndani pamoja.

"Friji niliyonunua kwa tabu, leo naigeuza kabati la sahani," alisema Bi Jokha siku walipoujaza mchanga. "Na huu udongo wa mama yangu ndio unatuhifadhia uhai. Hebu muone mambo!"

"Tuvue viatu ndipo tuingie, Bi Jokha?" Eufrazia, mkewe Leodegar, aliuliza mlangoni akiwa na Wilbert, japo jibu alilijua.

"Kwani hapa ni stendi? Vueni."

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Eufrazia alipita kuumwagilia ule mchanga, akachukua kichupa, akampelekea mumewe. Alikuwa msafishaji kwenye kiwanda kimoja Mikocheni, na alikuwa na tabia ya kufanya mambo makubwa bila kuyataja. Hakusema neno "kukatwa" hata mara moja. Alimpangia mumewe kitanda dirishani, akamwekea mto chini ya kigimbi, akaweka kigoda cha kazi mahali ambapo mkono wake ungekifikia bila kushuka.

Wilbert naye alimletea viatu vya wateja kutoka kibandani. "Fundi, kona imedorora bila wewe," alisema. "Watu wananiuliza mie utadhani nimekuficha." Alimletea pia tyubu za magari zilizochoka, zile ambazo hazizibiki tena, ili akate mikanda ya ndala. Leodegar alizikunja chini ya kitanda. Kwa kuwa hakuweza tena kubana kiatu kwa nyayo, alijifunza upya kazi aliyoifanya maisha yake yote: alibana kwa magoti, akabana kwa kwapa, akachoma vidole, akatukana kwa Kimatengo cha kwao Mbinga, akaendelea.

Dawa mpya haikufa. Sukari ilishuka. Kisha asubuhi moja ya mwisho wa Machi, Eufrazia akibadilisha bendeji, alisita.

"Baba Anselmo."

"Nini?"

"Pembeni hapa pameota ngozi ya pinki."

Alifunga bendeji, akabeba kikapu chake, akatoka. Lakini Leodegar alimwona kupitia dirishani amesimama kwenye kona ya uchochoro, amejifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakitikisika. Kisha akaufuta uso, akaenda kazini.

* * *

Masika ya siku hizi hayapigi hodi. Bi Jokha aliwahi kusema kwamba zamani mvua ilikuwa na adabu: inatuma mawingu kwanza, inatuma ubaridi, watu wanaanua nguo, ndipo inashuka. Mwaka ule ilishuka yote kwa pamoja, siku tatu mfululizo, na asubuhi ya nne mto wa kule bondeni ulikuwa umesahau njia yake.

Eufrazia alikuwa ameondoka alfajiri. Jua lilipopanda, kama lilikuwepo nyuma ya mawingu yale, uchochoro ulikuwa umegeuka kijito chenye rangi ya chai ya maziwa. Leodegar aliona vitu vikipita: kitanda cha mtoto, mlango, kuku aliyesimama juu ya ndoo. Mlangoni kwake kulikuwa na ukuta mfupi wa saruji aliojenga baada ya mafuriko ya nyuma, na maji yalikuwa yakiupapasa tu, hayajaupanda. Wilbert alipita kifua kikiwa wazi, akapaza sauti kutoka nje:

"Fundi, kaa hapohapo kitandani! Nahamisha watoto wa kule bondeni, nikimaliza nakuja kukubeba mgongoni. Usishuke, umenisikia?"

"Nimekusikia!"

Na alikuwa na nia ya kutii. Maji yale yalibeba kila kitu cha vyoo vya Mtoni.

Alichukua simu kumjulia hali Bi Jokha. Iliita sana. Alipokaribia kukata, ikapokelewa.

"Shikamoo, Bi Jokha. Maji yamefika wapi huko?"

Ikaja sauti ya kuburura, kama ya mtu anayeongea na maji mdomoni. "Zahor? Umerudi?"

"Ni Leodegar, Bi Jokha. Fundi."

"Jiko limejaa maji, Zahor. Sijapika. Sijala. Njoo ulale."

Simu ikaanguka mahali fulani. Alisikia mvua kupitia kwayo.

Leodegar alijua. Kila mtu wa benchi la ile kliniki angejua. Bi Jokha hujichoma sindano yake asubuhi na mapema, kisha hukaanga chapati na kuchemsha chai; ndivyo ilivyo siku zote. Leo sindano ilikuwa imeingia na chai haikufuata. Jiko lake lilikuwa nje, uani, chini ya maji. Sukari ilikuwa ikimshuka pale kitandani, na mtu wa hali ile hulala tu, akaendelea kulala.

Alimpigia Wilbert. Simu ya Wilbert ilikuwa imezimwa, au imezama. Aliita dirishani. Mvua ikameza jina. Nyumba za jirani zilikuwa tupu; wenye miguu yote miwili walishakimbia.

Alitazama bendeji yake, nyeupe kama kitambaa cha altareni. Akamkumbuka nesi. Akautazama uchochoro. Kutoka kwake hadi kwa Bi Jokha palikuwa na nyumba mbili na mtaro.

Kisha akainama, akavuta tyubu chini ya kitanda.

Alichagua ya lori, nene na pana. Akakata kipande kirefu cha kutoka unyayoni hadi juu ya paja. Ncha moja aliikunja kama mtu anavyofunga bahasha, akaisugua kwa tupa mpaka mpira ukapoteza mng'aro, akachukua kopo la solusheni, ile gundi ya mafundi pancha, akaipaka pande zote mbili kwa kidole.

Na hapo ilimbidi asubiri.

Hakuna kazi iliyowahi kumtesa kama kusubiri kule. Solusheni haina haraka. Ukibandika ikiwa mbichi inakuonyesha kwamba imeshika, kisha inakuachia katikati ya safari. Alikuwa amewaambia wateja maneno hayo miaka na miaka, wenye haraka za harusi na za misiba, na walikuwa wakinuna. Sasa alinuna mwenyewe. Aliipulizia pumzi. Aliipepea kwa kiatu cha mtu. Maji yalipanda ukuta wa mlangoni, yakachungulia ndani, ulimi mwembamba ukaramba sakafu. Aligusa gundi kwa ncha ya kidole: bado inanata kwa uvivu. Akajikaza. "Mama Maria," alisema, "nisaidie nisikimbie." Akagusa tena. Ilikuwa kavu, yenye kushika kavukavu, kama inavyotakiwa. Akabandika, akaigongagonga kwa nyundo juu ya mbao ya kitanda, kingo kwanza, kisha katikati. Akaongeza kiraka juu ya mshono. Akagonga tena.

Aliuzungushia mguu nailoni safi na kanga ya Eufrazia, akauingiza kwenye lile soksi jeusi la mpira. Akavalisha ndala ya tairi juu yake kwa ajili ya vioo na misumari. Pajani akaufunga kwa mkanda wa tyubu, si kwa kuukaza, bali kiasi cha kidole kupita, damu isikose njia. Akakamata fagio la kusimamia, akaliomba liwe gongo, akashuka kitandani.

Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga chini kwa mguu ule tangu Februari.

Maji yalimpokea kwa baridi kwenye mguu wa kulia. Wa kushoto haukusema kitu, kama kawaida yake. Ilimbidi autazame ili ajue uko wapi. Alitoka nje akishika kuta. Magotini. Juu kidogo ya magoti. Kila hatua alilichunguza lile buti kama mtu anayetazama dari inayovuja. Kwenye mtaro mkondo ulimsukuma, fagio likateleza, akayumba, na maji yakapanda pajani hadi upana wa kiganja chini ya mkanda. Alining'inia kwenye uzio wa mabati, mashavu yakigusa kutu, akangoja mkondo upumue. Ulipopumua, akavuka.

Bi Jokha alikuwa juu ya kitanda chake kirefu cha mbao, maji yakizunguka miguu ya kitanda. Uso ulimtoka jasho, na ngozi ilikuwa baridi kama samaki. Macho yalikuwa wazi nusu, hayamtazami mtu.

"Bi Jokha!"

Hakujibu. Leodegar alipapasa juu ya kabati hadi akalipata kopo la sukari, lile la wageni. Alijua asimmiminie kinywani mtu asiyeweza kumeza. Alilowesha kidole, akakizamisha kwenye sukari, akampaka ndani ya shavu, kwenye fizi, taratibu, kama anavyopaka nta kwenye uzi. Akalowesha tena. Akapaka tena. Aliongea naye muda wote huo, hajui anasema nini. Alimwambia habari za Mbinga, za ukungu wa asubuhi, za kahawa inavyonukia ikichanua. Shavu likatikisika. Ulimi ukatafuta sukari wenyewe. Akakoroga nyingine kwenye maji ya birika, akamnywesha kwa kijiko alipoona koo linafanya kazi.

Ilichukua muda. Kisha macho yakarudi yalikotoka, yakazunguka chumba, yakamshukia yeye, yakashuka hadi chini.

"Leodegar?"

"Naam, Bi Jokha."

"Umeingia chumbani kwangu na viatu?"

Leodegar alicheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya kitanda, na Bi Jokha, asiyejua bado ametoka wapi, akaanza kucheka naye, machozi yakimchuruzika kwenye mikunjo ya uso, akisema "Alhamdulillahi, alhamdulillahi" katikati ya kicheko.

* * *

Wilbert aliwakuta hivyo. Alikuwa amekwenda kwa Leodegar, akakuta kitanda kitupu, na alifika mlangoni kwa Bi Jokha akiwa amekasirika na kuogopa kwa pamoja.

"Mzee, nilikwambia ukae! Nilikwambia! Mguu wako si unaoza kwa haya maji?" Akaliona buti. Akalishika, akalibonyeza, akausoma ule mshono kwa kidole gumba. Hasira ikamwishia. "Umegonga kingo kwanza?"

"Kingo kwanza."

"Haya. Twende."

Alikuja na tyubu la trekta lililojazwa upepo, alilokuwa akilitumia kuvushia watoto. Walimketisha Bi Jokha juu yake, buibui limekusanywa, mtungi wa mama yake mapajani. Ndani ya mtungi dawa zilikuwa salama, za baridi, hazina habari ya mafuriko. Wilbert alisukuma kwa nyuma. Leodegar alishika pembeni kwa mkono mmoja na fagio kwa mwingine. Wakatoka uchochoroni hivyo, Bi Jokha amekaa wima kama bibi harusi, akiwaelekeza njia ambayo hakuna aliyemwuliza.

Watu waliokuwa juu ya kuta na mapaa waliwaona. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akamjibu kutoka paa la pili. Kikapita juu ya maji kutoka bati hadi bati, mpaka mtaa mzima uliokuwa umelia asubuhi ile ukawa unapiga vigelegele kwa ajili ya ajuza juu ya tyubu, na fundi viatu mwenye mguu mweusi.

Pale maji yalipoishia, kwenye mwinuko wa barabara, Eufrazia alikuwa amesimama. Alikuwa ametembea kutoka mahali magari yaliposhindwa, sare ya kiwanda imemgandia mwilini. Hakumsalimu mtu. Alimwendea mumewe, akapiga magoti kwenye matope, akaushika ule mguu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mtoto aliyeanguka kitandani, anayeogopa kumfunua.

* * *

Buti lilifunguliwa na Tusajigwe mwenyewe.

"Nilikukataza," alisema, mkasi mkononi mwake. "Baba, mimi nilikukataza."

"Ulisema maji machafu yasiguse kidonda, mama."

"Sasa?"

"Hayajagusa."

Alikata mkanda. Akachuna mpira. Akaondoa kanga, akaondoa nailoni iliyojaa jasho, akafika kwenye bendeji. Akaipapasa. Akaipapasa tena upande wa kisigino. Kisha akaketi kwenye kigoda kwa ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Pakavu," alisema. Na kwa sauti kubwa, kwa wenzake wa chumba cha pili: "Jamani, njooni muone! Pakavu!"

Walikuja. Waligusa. Mmoja alilivaa lile buti mkononi kama glavu, akaligeuza. Leodegar alikaa katikati yao ameinamisha kichwa, akiona haya, akijaribu bila mafanikio kuuficha uso wake usitabasamu.

Mvua ilipotulia, Tusajigwe alimfuata Mtoni. Alikuwa na wagonjwa wa mabondeni, alisema, wenye vidonda, waliokosa kliniki kila maji yalipojaa kwa kuogopa kuvuka. Je, angeweza kuwatengenezea mabuti kama lile lake? Waliifanya kazi ile pamoja jioni kadhaa. Fundi alijua mpira, nesi alijua miguu. Ni Tusajigwe aliyetaka ndani pawekwe kitambaa cheupe, ili asiyesikia maumivu walau aione damu. Na ni yeye aliyekataza yasivaliwe zaidi ya safari ya kuvuka, kwa ajili ya jasho. Leodegar aliongeza soli ya tairi na mkanda usioweza kukazwa kupita kiasi. La kwanza alilitengenezea Bi Jokha, ambaye hakuwa na kidonda chochote.

"Nalitaka," alisema Bi Jokha. "Na hili nitaingia nalo mpaka sebuleni kwangu."

Kidonda kilifunga upepo wa kusi ukivuma. Kilifunga kutoka pembeni kuja katikati, polepole, bila kurudi nyuma. Daktari aliuangalia mguu, akaugeuza, akaandika neno moja kwenye faili, akampa Leodegar mkono. Hata hivyo Tusajigwe alimfungia nyumbani miezi zaidi, mpaka ngozi ile mpya ikomae, na ilikuwa Oktoba alipomwita kwa mara ya mwisho, akamtazama akivaa viatu viwili, vya ngozi laini visivyo na mshono ndani, alivyovishona mwenyewe kwa kipimo cha mguu wake mwenyewe.

"Nenda, baba," alisema. "Nenda kazini."

Walitoka kwenye lango la kliniki yeye na Eufrazia. Jua lilikuwa limesimama juu ya mji, na joto lilikuwa limeanza tena, mapema kuliko mwaka uliopita. Hewa ilicheza juu ya lami, na upande wa pili wa barabara watu walitembea wamejibana kwenye ukanda mwembamba wa kivuli. Leodegar alisita ukingoni mwa barabara. Alitazama viatu vyake, akatazama lami, kama mtu anayeuliza swali kwa lugha aliyoisahau.

Eufrazia alielewa. Aliweka kikapu chini, akachuchumaa, akakiegemeza kiganja cha mkono wake juu ya lami. Alikiacha hapo kwa muda, uso umeinuka, akitazama mbele walikokuwa wanakwenda, huku pikipiki zikimpita.

Kisha akasimama, akampa mumewe mkono uleule. Leodegar aliushika. Ulikuwa bado na moto wa barabara ndani yake, na aliusikia wote, kiganja kizima, mpaka kwenye vidole.

Wakavuka.